Unyayo wa Kuku

Lebo niliyokuwa naishona ilikuwa na jani la kijani lililopakatwa na mikono miwili, kama mtu anavyopakata kifaranga. Chini ya jani kulikuwa na maandishi madogo: "Mikono iliyotengeneza glovu hii imetunzwa." Niliishona kwenye kila glovu, upande wa ndani, pale mkono unapoingilia. Niliishona kutwa nzima mpaka nikawa naiona hata nikifumba macho. Na niseme mapema tusije tukalaumiana: nilikuwa naichukia lebo ile. Ilikuwa inanisuta. Upande wa pili wa ukuta, kwenye mapipa, alikuwepo mdogo wangu, na mikono yake ilikuwa haitazamiki mara mbili.

Kiwanda chetu kilitengeneza glovu nene za ngozi, zile za mafundi wa kuchomelea, wachimbaji na wabeba vioo. Ngozi mbichi ziliingia lango la nyuma zikiwa bado na manyoya na damu, glovu zikatoka lango la mbele ndani ya maboksi masafi yenye picha ya jani. Katikati ya malango hayo tulikuwepo sisi. Watu wa mapipa walizitia ngozi kwenye chokaa na dawa ya kunyonyolea, wakazigeuza kwa miti na kwa mikono, wakazikwangua. Kisha zikaenda kwenye asidi, kisha kwenye rangi, mpaka zikatufikia sisi washonaji zikiwa laini. Glovu za mpira za kuzuia dawa waliwahi kupewa zamani. Zilipotoboka hazikuja nyingine. Siku moja nilimuuliza msimamizi wetu inakuwaje watu wanaotengeneza glovu wakose glovu. Akanijibu, "Mganga hajigangi," akaondoka zake akiona amenimaliza.

Msimamizi huyo tulimwita Meno, kwa sababu meno yake yalionekana siku za wageni tu.

Mdogo wangu naye alikuwa na jina lake la kiwandani, Kasuku, na hilo halihitaji maelezo. Mama alikuwa akisema Mungu alimuumba huyu mtoto akasahau kumtia kufuli. Aliongea akila, aliongea akifua, aliongea hata akiwa peke yake. Sauti yake ilikuwa inatoka kwenye mapipa, inapita ukutani, inatufikia juu ya kelele za cherehani, na wenzangu wakicheka huniambia, "Mdogo wako ameamka." Sauti hiyo ndiyo iliyompatia kazi ya pili isiyo na mshahara. Alikuwa mjibu mtaro.

Kiwanda kizima kilikuwa na mtaro mmoja wa maji machafu. Maji ya chokaa na dawa yalipita humo, na maji ya asidi yalipita humo humo, ila hayakutakiwa kukutana hata siku moja. Yakikutana hutoa hewa yenye harufu ya mayai viza, na hewa hiyo haina mzaha. Watu wa mapipa walifundishana hivi: ukiinusa, kimbia, ukiacha kuinusa, umeshachelewa, maana huanza kwa kuua pua. Kwa hiyo kabla ya kumwaga asidi, mtaro ulipitishwa maji mengi kwanza. Kisha anayetaka kumwaga anapaza sauti kutoka kule juu, "Mtaro!" Mwenzake anakuwa amesimama chini kabisa, ndani ya stoo ya ngozi, penye wavu wa chuma sakafuni ambapo mtaro unaonekana. Anatazama maji. Kama bado yana chokaa anajibu, "Mchafu!" na hapo hakuna anayethubutu kumwaga hata tone. Yakiwa maangavu kama ya kunywa anajibu, "Safi!" Miaka yote niliyokaa pale sikumbuki mtu kumwaga bila kujibiwa. Hakuna aliyeandika sheria hiyo ukutani. Walikuwa nayo vinywani.

Watu wa mapipa walikuwa na jambo lingine lao. Kila mmoja alikuwa na alama. Akimaliza kukwangua ngozi aliichanja kwa kisu pembeni, upande wa mkia, ili ijulikane ni kazi ya nani. Mama Pipa, aliyekuwa mkongwe kuliko wote, alichanja msalaba. Kasuku alichanja mikato mitatu inayokutana chini, na yeye mwenyewe aliuita unyayo wa kuku. Sisi washonaji tulitakiwa kuikata alama na kuitupa kabla ya kushona, maana mnunuzi hataki ngozi yenye makovu. Mimi nilikuwa naupitishia kidole kwanza unyayo ule ndipo niukate. Ilikuwa kama kusalimiana kazini.

Jumapili alikuwa ananisuka. Kasuku alikuwa msusi tangu yuko shuleni, wa wale ambao mstari wao haupindi hata kama kichwa ni cha mtoto asiyetulia. Ndoto yake ilikuwa ndogo tu: kiti, kioo, na mlango wake mwenyewe wa kukaa mbele yake akisuka na kusengenya. Lakini chokaa ilikuwa imemla. Vidole vilipasuka kwenye viungo, kucha zikalainika, viganja vikawa vinabanduka kama ganda la kitunguu. Nywele zangu zilianza kunasa kwenye nyufa za vidole vyake. Anavuta, anauma midomo, anaendelea na umbea wake kama vile hakuna kitu. Jumapili moja akaacha kichwa changu kikiwa nusu, akaweka mikono mapajani.

"Dada," akasema, "mimi nilikuwa nataka kusuka tu. Nikiendelea na yale mapipa, sitaweza kushika hata kitana."

Alisema kwa sauti ya chini, na mimi Kasuku wa sauti ya chini nilikuwa simjui. Nikaogopa.

Kesho yake nilimwendea Meno kumwomba amhamishie chumba cha kufungashia. Chumba hicho ni kikavu, kazi yake ni maboksi na gundi ya karatasi. Mikono ingepona yenyewe. Akaniambia nafasi hakuna. Nilirudi mara nyingine, akaniambia nafasi hakuna na mimi nimezidi. Nilikuwa nimeshakata tamaa ndipo tukatangaziwa wageni.

Kampuni iliyonunua glovu zetu ilikuwa inatuma mkaguzi. Wanunuzi wa huko kwao, tuliambiwa, hawataki kuvaa glovu iliyomuumiza mtu. Sikuwa na ubaya nao, ni jambo jema. Meno aliniita pembeni, akainyoosha mikono yangu yote miwili kama anayenunua viazi, akaitazama juu na chini.

"Mikono yako mizuri, na mdomo unao," akasema. "Wewe ndiye utakayezungumza na mkaguzi. Ukizungumza vizuri, Jumatatu mdogo wako anaanza kufungasha. Ukiharibu, mtatoka wote wawili."

Jioni nilimweleza Kasuku. Nilidhani atanuna. Aliruka kitandani mpaka chaga zikalia.

"Danganya, dada! Danganya mpaka ulimi utoke jasho! Mimi nitanunua kioo."

"Punguza sauti, mama amelala."

"Mama hajalala," mama akajibu kutoka nyuma ya pazia. "Mama anasikia mnavyopanga uongo. Haya, mgeni njoo, mwenyeji apone."

Tulicheka sote watatu. Najua wazi kwamba tulicheka, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Asubuhi ya wageni kiwanda kilikuwa kama nyumba ya bwana harusi. Ukutani, karibu na mlango wa mapipa, zilitundikwa barakoa mpya za kuzuia hewa ya sumu, bado ziko ndani ya nailoni. Washonaji wenye mikono mizuri walivikwa glovu za mpira na buti, wakaambiwa wageni wakikaribia wasimame kando ya mapipa washike miti. Wenye mikono halisi ya mapipa, yaani Mama Pipa, Kasuku na wenzao wawili, waliambiwa waingie stoo ya ngozi na wakae kimya mpaka waitwe. Stoo ile haikuwa na dirisha. Meno alitoa kufuli mfukoni.

"Kufuli la nini?" Mama Pipa akauliza.

"Wageni wana tabia ya kufungua milango."

"Sasa sikiliza, baba. Jana tulifungulia mapipa mawili ya chokaa. Mtaro umejaa chokaa na haujapitishwa maji. Leo tukiwa humu ndani, nani atauliza na nani atajibu?"

"Leo hakuna kazi ya ngozi, hakuna asidi. Pumzika, bibi. Watu wanaomba mapumziko, nyie mnapewa mnalalamika."

Kasuku alinipungia mkono wakati mlango unafungwa, akatoa ulimi nje na kuufuta jasho la uongo. Mama Pipa alimvuta ndani.

Meno alikuwa amesahau kwamba asidi ya kusugulia sakafu nayo huishia mtaroni, au hakuwahi kulijua hilo, na mpaka leo sijui lipi ni baya zaidi. Sakafu ya mapipa ilikuwa na ukoko mweupe wa chokaa wa miaka mingi, na ukoko ule hautoki kwa sabuni. Alikuwa ameleta vibarua wa kutwa kuisugua. Sabuni iliposhindwa, akawaonyesha mitungi ya asidi, akawaambia wamwage, wasugue, wasafishe mpaka ing'ae. Watu wote ambao kazi yao ilikuwa kuuliza na kujibu mtaro walikuwa nyuma ya kufuli.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye viatu bapa na sauti ya upole. Nilitaka kumchukia, ikanishinda. Alimsalimia kila mtu kwa zamu yake, hata mfagizi. Alipofika kwangu alivuta kiti akakaa, kitu ambacho hakuna mkubwa aliyewahi kukifanya mbele ya cherehani yangu. Meno alisimama nyuma yake akiwa na meno yake yote.

"Kazi yako nzuri," akaniambia, akiigeuza glovu. "Hii ngozi anaikwangua nani? Ningependa kuwaona hao. Hasa mikono yao."

Majibu nilikuwa nayo tayari, nimeyapiga pasi usiku kucha. Nilifungua mdomo. Ndipo nikasikia, kwa mbali, nyuma ya ukuta, sauti ninayoijua kuliko yangu.

"Mchafu!"

Hakuna aliyeuliza. Kasuku alikuwa anajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

"Mchafu! Mchafu! Mchafu!"

"Ni nini hicho?" mkaguzi akauliza.

"Wafanyakazi wetu wana utani sana," Meno akasema akicheka. "Ni familia hapa, mama. Familia."

Nilisimama, kiti kikaanguka. "Ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Wa stoo! Wanamwaga asidi, kuna watu ndani!"

"Stoo hakuna mtu," Meno akasema. Hakuniangalia mimi, alimwangalia mgeni. "Huyu dada ni mshonaji wetu mzuri sana, ila ana presha. Mama, samahani, tumalizie upande huu, kisha kuna chai imeandaliwa, halafu kama utapenda tutapita na huko kwa utaratibu."

"Kuna mtu stoo au hakuna?" mkaguzi akauliza, na sauti ya upole ilikuwa imekwisha.

"Ngoja kwanza nikutambulishe kwa mkuu wa..."

"Mchafu," ikasema sauti ya mdogo wangu, na safari hii ilitoka kama mtu anayeongea na jirani yake. Halafu haikusema tena.

Nilimrukia. Sina maneno mengine. Nilimrukia Meno kifuani kama paka, nikapasua mfuko wa suruali yake na ufunguo ukaanguka chini, nikauokota nikakimbia. Nyuma yangu nilisikia viatu bapa vikikimbia pia. Mayai viza yalinipokea mlangoni kwa mapipa. Vibarua walikuwa wameegemea mifagio yao wakikohoa.

"Dada, kuna mtu humo anapiga kelele tangu tuanze kumwaga," mmoja akaniambia. "Sasa ametulia."

Nilivuta barakoa moja ukutani, nikapasua nailoni kwa meno, nikaivaa. Harufu ilinijia vile vile. Nikaipapasa nikakuta pale mbele pana tundu la mviringo, pa kufungia kichujio, na kichujio hakuna. Zote zilikuwa hivyo. Vichujio havikununuliwa kwa sababu vikiwa ukutani hakuna anayevitazama. Niliitupa, nikalowesha kilemba changu kwenye ndoo, nikajifunga puani na kufungua.

Mama Pipa alibingirikia miguuni kwangu. Alikuwa amelala na mdomo kwenye upenyo wa chini ya mlango, na wenzake wawili wamelala hivyo hivyo, midomo chini, kama watu wanaokunywa maji mtoni. Mkaguzi alimshika Mama Pipa kwapani akamburuta nje, na gauni lake la heshima likiloa asidi. Washonaji wenzangu waliwatoa wale wengine. Mimi niliingia.

Kasuku alikuwa kule ndani kabisa, juu ya wavu. Alikuwa amelundika ngozi mbichi juu ya lile tundu, moja juu ya nyingine, nzito, zenye maji, ambazo kwa kawaida hubebwa na watu wawili. Ya mwisho alikuwa bado ameishika. Nilimvuta miguu, lakini vidole vyake havikuiachia ile ngozi, nikatoka naye pamoja nayo mpaka nje, nikaanguka. Tulimlaza kwenye sakafu ya mapipa. Sakafu ilikuwa inang'aa kweli kweli.

Mama Pipa alinieleza baadaye, akiwa kwenye kitanda cha hospitali. "Yeye ndiye aliyeona kwanza, mwanangu, maana ndipo mahali pake pa kusimama. Akatuambia, nyie laleni mlangoni mtie midomo kwenye upenyo. Upenyo wenyewe wa watu watatu. Nikamwambia na wewe njoo, tutabanana. Akasema, 'Mimi mwembamba lakini mdomo wangu mkubwa, hautatosha.' Akaanza kuita na kubeba ngozi, anaita na kubeba. Alitania hata pale."

Siku ya tatu ya msiba Meno alikuja nyumbani na kofia mkononi. Alimpa mama pole, kisha akanigeukia mimi. "Nataka ujue jina lake nilikuwa nimeshalipeleka kufungashia," akasema. "Jumatatu angeanza." Nadhani alitaka kunifariji, au alitaka nimfariji yeye. Mama, ambaye hajawahi kumfukuza mtu mlangoni kwake, alinyanyuka akafungua mlango, akaushikilia wazi mpaka mtu yule akatoka.

Kampuni ya wanunuzi ilivunja mkataba. Walitangaza kwamba hawawezi kununua mahali ambapo maisha ya watu hayathaminiwi. Kila neno lilikuwa la kweli. Lango likafungwa, na sisi tuliokuwa ndani tukajikuta barabarani na mikono yetu, mizima na mibovu, hakuna aliyeuliza itakwenda wapi. Walinawa yao wakaondoka. Kama kuna hasira iliyonibakia kwa watu wale wa mbali ni hiyo tu. Ni sawa kukataa glovu ya damu, lakini mwenye damu bado yupo hapa, anahitaji kula na kutibiwa.

Haikupita muda mrefu, karakana mpya ikafunguliwa upande mwingine wa mji. Ilikuwa na madirisha makubwa, feni, maji ya kunywa. Walikuwa wanatafuta washonaji wenye uzoefu. Nilikwenda. Msinitazame hivyo, mama yuko nyumbani, na majonzi hayapikiki. Walinikalisha kwenye cherehani mpya, wakaniletea boksi la lebo. Jani la kijani, mikono miwili ikilipakata kama kifaranga. Mnunuzi ni yule yule.

"Hapa hatuna mapipa," msimamizi mpya akatuambia, kijana nadhifu, mwenye adabu. "Sisi tunanunua ngozi ikiwa tayari. Hapa ni pasafi."

Na kweli palikuwa pasafi. Nilishona kwa wiki kadhaa bila kuwaza, mpaka siku moja nikakunjua ngozi nikakuta pembeni, upande wa mkia, msalaba. Nilidhani nimeona vibaya. Nikakunjua nyingine, na nyingine. Halafu nikakunjua moja ambayo kidole changu kiliitambua kabla ya jicho. Mikato mitatu inayokutana chini.

Nilijiambia ni akiba ya zamani, ngozi hukaa muda mrefu ghalani. Nilitaka iwe hivyo. Ningekuwa na kitu cha mwisho alichokishika. Lakini mzigo uliofuata ulikuja na unyayo wa kuku, na uliofuata tena. Na mchanjo wenyewe haukuwa wa Kasuku. Wa Kasuku ulikuwa wa kisu cha mara moja, wa mtu mwenye haraka ya kurudi kwenye maongezi. Huu ulikuwa wa mtu anayejifunza, anayechanja kwa uangalifu, ulimi nje.

Jumapili nilikwenda kwa Mama Pipa. Alikuwa amekaa mlangoni, akikohoa kwenye kitambaa. Hakushangaa kuniona.

"Mapipa hayakufa, mwanangu," akasema. "Yalihama. Bosi wetu wa zamani amemkabidhi shemeji yake, nasi tukayafuata, yako nyuma ya gereji kuukuu, hayana hata kibao. Karakana yenu inanunua kwa shemeji. Huko wageni hawafiki, maana hakuna anayejua kwamba pana kitu cha kukagua."

"Na unyayo wa kuku?"

Alitazama chini. "Kuna binti mgeni. Hakuwa na alama. Tukampa hiyo, ilikuwa haina mtu."

Nilitaka kumkasirikia, lakini hasira haikuja. Nilimuuliza tu kama binti huyo ana glovu. Mama Pipa alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nikamuuliza kama ana sauti.

"Anayo, mama. Yeye ndiye anayejibu mtaro."

Nilirudi kwa njia ndefu, nikapita nyuma ya ile gereji, nikasimama kando ya ukuta wa mabati. Mapipa hayajui Jumapili. Mtu akapaza sauti ndani, "Mtaro!" Kukawa kimya, kimya cha mtu anayeinama kutazama maji. Kisha sauti changa, ya mtu anayejivunia kazi yake, ikajibu, "Safi!" Nilishika bati lile na nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nililia kwa sauti kubwa, na mbwa wa gereji wakanibwekea.

Tangu siku hiyo niliacha kukata alama. Nilipopata ngozi yenye unyayo wa kuku niliipanga kwenye kipande cha mkononi, unyayo ukae ndani, ubavuni mwa lebo, jani na mikato mitatu pamoja. Msimamizi nadhifu hakugundua. Watu nadhifu hawageuzi glovu ndani nje. Nilijua wageni watakuja, kwa sababu wageni wa glovu hawaachi kuja. Na nilijua nikifungua mdomo nitapoteza cherehani hii, feni hii, na sahani ya mama. Nililijua hilo kila asubuhi nilipokaa.

Walipokuja, alikuwa mkaguzi yule yule, na viatu vyake bapa. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi nyingi. Aliponiona alisimama katikati ya chumba, akaja akavuta kiti kama siku ile. Alichukua glovu kwenye rundo langu. Aliigeuza. Alipitisha kidole juu ya mikato mitatu.

"Hii ni nini?"

"Ni kasoro ndogo ya ngozi, mama," msimamizi akawahi, akinyoosha mkono aichukue. "Sisi tunanunua ikiwa tayari. Samahani sana. Karibu kwanza ofisini, chai iko mezani."

"Ni alama ya mtu," nikasema. "Aliyeikwangua."

"Yuko wapi mtu huyo?"

Msimamizi alinitazama, na katika macho yake nilikuwa nimeshatoka mlangoni na kiti changu kimeshakaliwa na mwingine. Nilizima cherehani. Nilifunga kilemba changu vizuri.

"Nitakupeleka, si mbali," nikamwambia mkaguzi. "Lakini tukifika kule watakukaribisha sana. Usikae. Mlango kwanza, salamu baadaye."